Mwendo wa Mtoto: Mwongozo wa Matembezi Mepesi Msituni na Ufukweni

Jane Goodall alikuwa hajatimiza miaka mitano alipopotea machoni pa watu kwa saa kadhaa, huko kwao Uingereza. Alikuwa ndani ya banda la kuku. Alitaka kujua yai hutokea wapi, na kwa kuwa majibu ya watu wazima hayakumtosheleza, aliingia bandani, akajibanza kwenye majani makavu, akamngoja kuku atage. Nyumbani walikuwa wamemtafuta hadi polisi wakaarifiwa. Alipotokea mbio, nywele zimejaa majani, mama yake, Vanne, hakumchapa wala hakumkaripia. Aliketi akasikiliza habari yote ya kuku na yai. Mwaka 1960 binti huyo alipofika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuanza kazi ya kuwachunguza sokwe, mama yake alikuwa pamoja naye.

Wangari Maathai alikulia Ihithe, Nyeri, karibu na mugumo ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Jirani na mti huo palikuwa na kijito. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006, anasimulia jinsi alivyokuwa akichovya mikono majini kujaribu kuokota mayai ya vyura, akitamani kuyavaa shingoni kama ushanga, nayo yakimponyoka na kukatika kila mara. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Hakuna kati yao aliyehitaji safari ya mbali wala gari la kukodi. Walipata muda wa kutazama kitu kimoja mpaka waridhike, na watu wazima walioyapa maana waliyoyaona. Mzazi anayepanga kumtoa mtoto kwenda msituni, mlimani au pwani aanzie hapo. Matembezi na mtoto hayapimwi kwa kilomita. Mtoto aliyekaa nusu saa akitazama sisimizi wakimburuta panzi ametembea vizuri, hata kama kilele au maporomoko ya maji hayakufikiwa.

Mahali pa karibu panatosha

Kwa wakazi wa Nairobi, Karura ni mahali pazuri mno pa kuanzia. Ni msitu wa takriban hekta 1,000 ndani ya jiji. Upo leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama kidete mwishoni mwa miaka ya 1990 kuzuia ardhi yake isigawanywe kwa wajenzi, na mwezi Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda mti hapo. Sasa una uzio, njia zilizotunzwa na makutano yenye namba, kwa hiyo familia inaweza kutembea bila kupotea. Kuna maporomoko ya maji ya mita 15 hivi, mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau, na mbega weusi kwa weupe waliorudishwa msituni kuanzia mwaka 2014. Hakuna simba, tembo wala nyati, na hilo humpa mzazi utulivu wa kumwacha mtoto atangulie hatua chache pale njia ilipo pana na wazi.

Dar es Salaam ina msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, mwendo wa saa moja au mbili kutoka katikati ya jiji kutegemea foleni. Ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, yenye mimea mingi isiyopatikana kwingine duniani. Wageni wengi huenda kuona mapango yaliyotokana na machimbo ya udongo mweupe wa kaolini, ambamo popo wanaishi kwa wingi. Familia yenye watoto itosheke kuwaona popo wakitoka jioni, ikiwa imesimama mbali na mlango wa pango. Popo hubeba maradhi, na vumbi la kinyesi chao si la kuvutwa na mapafu ya mtoto.

Unguja kuna Jozani, iliyofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Ndiko anakoishi kima punju, asiyepatikana kiasili mahali pengine popote isipokuwa kisiwani humo. Daladala za Makunduchi hupita barabara ya karibu na lango. Njia za msituni ni tambarare na fupi, na upande wa pili wa barabara kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, ambapo hata mtoto wa miaka mitatu hutembea bila shida akishikwa mkono. Mwongozaji akiulizwa atawaeleza watoto jambo litakalowasisimua: kima punju wa mashambani hula makaa. Majani ya mikungu na miembe wanayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na makaa huzinyonya.

Karibu na Malindi upo Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420. Pembeni mwake, Gede, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 huwawezesha wanavijiji kufuga viwavi wa vipepeo na kuuza pupa zao nchi za nje, hivyo familia zikapata sababu ya kuutunza msitu. Mtoto anayeambiwa darasani kuwa kiwavi hugeuka kipepeo ataona hatua zote kwa macho yake. Moshi kuna Materuni, ambako njia ya kwenda maporomokoni hupita kwenye vihamba vya Wachaga, chini ya migomba na kahawa, kando ya mifongo iliyochimbwa tangu enzi za mababu kuleta maji ya mlimani mashambani. Muheza, Tanga, kuna Hifadhi ya Amani, yenye miti iliyopandwa na Wajerumani kwenye kituo cha utafiti kilichofunguliwa mwaka 1902, na vinyonga ambao madume yao yana pembe tatu usoni.

Anayetaka wanyama wakubwa na miguu kwa pamoja, Hifadhi ya Taifa ya Arusha huruhusu matembezi yakiongozwa na askari mwenye silaha, mpaka maporomoko ya Tululusia, na njiani twiga na nyati huonekana. Kanuni haina mjadala: mahali penye nyati, tembo, simba au kiboko, hakuna kutembea na mtoto bila askari wa hifadhi. Ni busara pia kuuliza kwanza langoni umri unaoruhusiwa, kwani baadhi ya njia zina kiwango cha chini.

Asiye na nauli ya kufika huko asikate tamaa. Uwanja wa shule wenye mwembe mkubwa, bonde la nyuma ya mtaa, shamba la bibi, ufuo wa kijiji: vyote vina wadudu, ndege, mbegu na nyayo. Tena mahali panaporudiwa kila mwezi humfunza mtoto mengi kuliko safari moja ya mbali, kwa sababu ataona mabadiliko.

Umbali na saa

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, panga kilomita moja, mbili zikizidi. Wa miaka sita hadi minane huweza tatu au nne penye kivuli, na wa tisa na kuendelea huweza zaidi wakizoeshwa polepole. Muda ukadiriwe mara mbili au tatu ya ule ambao mtu mzima angetumia peke yake. Njia ya mzunguko hupendwa zaidi, lakini njia ya kwenda na kurudi ina faida yake: mnaweza kugeuka popote mtoto atakapoanza kuchoka. Dalili hazifichiki. Anaacha kuuliza, anaanza kujikwaa, anadai kubebwa. Hapo ndipo mwisho wa safari, bila ubishi wala ahadi za kuvutana naye mbele.

Ondokeni mapema. Saa moja asubuhi ndege wako kazini, jua halijakolea, na umande kwenye nyasi huonyesha utando wa kila buibui. Mpaka saa nne na nusu au saa tano, kundi lenye watoto wadogo liwe limerudi. Wanaotoka alasiri wakumbuke kwamba nchi zetu ziko karibu na ikweta, ambako jua likizama giza huingia ndani ya nusu saa tu.

Masika si msimu mbaya kwa watoto, kwa kuwa ndipo jongoo, konokono, vyura na kumbikumbi wanapojaa. Kinachotakiwa ni kuepuka mabonde na makorongo. Huko Hell's Gate, Naivasha, mahali panapopendwa na familia kwa sababu panaruhusu miguu na baiskeli, mafuriko ya ghafla ndani ya korongo yaliua watu saba mwezi Aprili 2012, na yakaua tena watu saba mwezi Septemba 2019. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku mahali mlipo pakiwa na jua. Mawingu mazito yakionekana upande wa juu wa mto, au maji yakibadilika rangi kuwa ya matope, pandeni juu mara moja.

Begi la safari

Maji ndiyo mzigo wa kwanza: lita moja kwa kila mtoto kwa asubuhi moja, zaidi penye joto la pwani, na kila mtoto abebe chupa yake ndogo ili ajifunze kujitunza. Chakula kisiwe cha kubembeleza. Mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, mayai, ndizi, karanga na chapati hustahimili begi na hujaza tumbo. Soda na pipi huongeza kiu.

Viatu viwe vya kufunika vidole, vilivyozoewa. Viatu vipya siku ya matembezi ni malengelenge. Suruali ndefu na soksi huzuia kupe na upupu. Kwenye maeneo yenye mbung'o, nguo za buluu na nyeusi ziachwe nyumbani kwa kuwa rangi hizo huwavuta, na badala yake zivaliwe za kaki au kijani kilichopauka. Ongeza kofia pana, koti la mvua, dawa ya kufukuza mbu, plasta, bendeji pana, kibano cha kutolea miiba, sabuni, na dawa yoyote anayotumia mtoto, hasa mwenye pumu. Simu iwe na chaji, na kabla ya kuondoka mtu aliyebaki nyumbani aambiwe mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Kila mtoto avae kipenga shingoni. Afundishwe mambo matatu kabla ya kuingia msituni: akipotea asimame palepale, aukumbatie mti ulio karibu, apulize kipenga mara tatu na kurudia. Mtoto anayetulia mahali pamoja hupatikana upesi kuliko yule anayezunguka kutafuta njia. Fanyeni zoezi nyumbani, uani, mara mbili tatu, mpaka alijue bila kufikiri.

Lenzi ya kukuzia, daftari na penseli havina uzito na hubadilisha matembezi yote. Darubini ni nzuri, ila mtoto wa chini ya miaka saba kwa kawaida huchoshwa nayo. Ampe mkubwa wake, yeye abaki na lenzi.

Vya kutazama

Watu wazima huingia msituni wakitafuta mnyama mkubwa. Macho ya mtoto yako karibu na ardhi, na ardhini ndiko kwenye mambo.

Tafuteni kifauongo pembeni mwa njia na kwenye nyasi fupi. Mtoto aguse jani kwa upole aone linavyojikunja, kisha ahesabu inachukua muda gani kufunguka. Aguse tena na tena. Je, linajikunja kwa kasi ileile? Hilo tayari ni jaribio la kisayansi, na jibu lake ataligundua mwenyewe.

Kwenye vumbi kavu chini ya paa la banda au mzizi mkubwa, kuna vishimo vidogo vya mviringo vinavyochongoka kwenda chini. Kila kimoja kimechimbwa na kidudu kinachojificha chini kabisa kikingoja sisimizi ateleze. Anapojaribu kupanda, hurushiwa mchanga mpaka aporomoke. Mtoto achukue unyasi mwembamba, atikise ukingo wa shimo taratibu, na kidudu kitarusha mchanga kikidhani kimepata riziki. Baadaye maishani hugeuka kuwa mdudu mwenye mabawa manne marefu, anayefanana na kereng'ende.

Jongoo na tandu ni somo la kutofautisha, nalo ni somo la usalama pia. Jongoo ana miguu jozi mbili karibu kila pingili, huenda polepole na akiguswa hujiviringisha. Hang'ati, ila hutoa majimaji yanayowasha macho, basi aliyemgusa anawe mikono. Tandu ana jozi moja tu kila pingili, ni bapa, hukimbia kwa kasi, na meno yake ya sumu huuma vibaya. Jongoo atazamwe kwa karibu. Tandu aachiwe njia.

Kinyonga anastahili kutetewa. Watoto wengi wamekua wakiambiwa ana sumu au ni mkosi, na vinyonga wengi hupigwa mawe. Hana sumu. Kila jicho lake huzunguka peke yake, na ulimi anaoutupa kunasa nzi huweza kuzidi urefu wa mwili wake. Mzazi mwenye hofu naye aliyoirithi anaweza kusimama hatua mbili nyuma na kumwacha mtoto atazame. Hofu hupungua kwa kuona.

Kichuguu kikubwa ni nyumba yenye shamba ndani. Baadhi ya mchwa hulima uyoga kwa majani na miti wanayoitafuna, na mvua zikianza uyoga huo huchomoza nje ya kichuguu, ule ambao wenyeji wengi huujua na kuupika. Watoto waonyeshwe, lakini asionje mtu uyoga wa porini bila mzee mwenye kuujua vizuri kuthibitisha.

Mnana wakijenga kwenye mnazi au mgunga, kaeni chini ya kivuli cha mbali mtazame. Dume ndiye msusi. Huanza na pete ya nyasi, akaongeza chumba, kisha akaning'inia akipiga mabawa kumwita jike aje akague. Jike asiporidhika huondoka, na dume mara nyingi hukibomoa kiota akaanza upya.

Palipo na bibi au babu, waje. Mzee aliyekulia kijijini anajua mti unaotoa dawa ya tumbo, ule wa kuchongea mwiko, tunda linaloliwa na lile linaloachiwa ndege. Maarifa hayo hayamo kwenye simu, na njia ya msituni huyatoa kwa mpangilio wake yenyewe: mti unaonekana, jina linatajwa, kisa kinafuata. Mtembea bure si mkaa bure, walisema wahenga, na mjukuu aliyetembea na bibi yake hurudi na majina ambayo hata wazazi hawakuyajua.

Pwani na mikoko

Pwani ina ratiba yake, nayo ni ya mwezi. Maji hujaa na kupwa takriban kila baada ya saa sita, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Kwenye mwambao wetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa asubuhi, karibu saa nne, na hapo ndipo eneo kubwa la miamba na vidimbwi hubaki wazi kwa watoto. Wavuvi wa eneo lolote wanajua saa ya siku hiyo kuliko mtu mwingine. Ulizeni, tokeni wakati maji bado yanapwa, na anzeni kurudi mara yanapogeuka, kwa sababu huweza kuwazunguka kupitia mikondo iliyo nyuma yenu.

Viatu havivuliwi. Kuna fuma wenye miiba mirefu myeusi na mawe makali. Tembeeni kwenye mchanga na mawe matupu, bila kukanyaga matumbawe hai. Konokono wa baharini mwenye gome lenye umbo la pia asishikwe hata gome likionekana tupu, kwani baadhi yao huchoma kwa sumu kali. Watoto wazoee kutazama kidimbwini mikono ikiwa nyuma.

Kwenye mikoko, mwonyesheni mtoto jani la mchu. Mti huo hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kupitia majani. Siku kavu huonekana chembe nyeupe juu yake, na mtoto akigusa kwa ulimi ataamini. Tazameni chipukizi ndefu za mkoko zikining'inia: mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ndipo ikaanguka matopeni tayari kukua. Chini, kaa wadogo wanapunga. Wanaopunga gando moja kubwa ni madume wanaoita majike na kutishana wao kwa wao. Mkisimama kimya dakika tano, waliokimbilia mashimoni wote watatoka tena. Hakuna njia bora ya kumfundisha mtoto faida ya utulivu.

Hatari na namna ya kuzikabili

Nyoka wengi humsikia mtu na kuondoka. Kifutu, anayeitwa pia bafe, ni tofauti: hulala kimya njiani akiamini rangi yake imemficha, na huuma anapokanyagwa. Ndiyo maana kwenye nyasi ndefu mtu mzima hutangulia, hukanyaga kwa kishindo na kupapasa kwa fimbo, na watoto hufuata nyuma. Hakuna mkono kuingizwa kwenye shimo, chini ya jiwe au nyuma ya gogo; anayetaka kukaa kwenye gogo alikague kwanza pande zote.

Aliyeumwa asikimbie. Mketisheni, mtulizeni, vueni pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, fungeni kiungo kwenye kijiti kisitikisike kama mfanyavyo kwa mfupa uliovunjika, kisha mkimbizeni hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, msipake dawa ya mitishamba. Nyoka asitafutwe. Swila akimtemea mtu mate machoni, mwosheni macho kwa maji mengi kwa muda mrefu njiani kuelekea hospitali.

Siafu wakipanda miguuni, ondokeni kwanza kwenye msafara wao kwa hatua ndefu, ndipo muwang'oe mmojammoja. Upupu ukishika ngozi, mtoto asijikune kwa sababu atausambaza. Bandikeni utepe wa gundi na kuubandua ili utoe vinyweleo, kisha aoge na abadili nguo. Nyuki wakichokozwa, kila mmoja afunike uso na kukimbia mbali, wala hakuna kujipepea kwa mikono.

Nyani, tumbili na kima wasipewe chakula. Mnyama aliyezoea ndizi za wageni huanza kupora mifuko na kung'ata watoto, na mwisho huuawa. Kuleni mahali pa wazi, fungeni begi, na mkifuatwa ondokeni bila kukimbia. Mtoto mwenye mafua asipelekwe karibu na kima punju au mbega, maana magonjwa yetu huwaambukiza.

Maji yaliyosimama na yanayokwenda polepole, pamoja na kingo nyingi za Ziwa Victoria, yana konokono wanaoeneza kichocho. Kuchezea maji hayo kwa mikono na miguu kunatosha kuambukizwa, basi watoto watazame wakiwa ukingoni.

Adabu za porini

Watoto hushika kanuni zilizo chache. Tatu zinatosha: kinachoishi hakiondolewi mahali pake, kila taka hurudi nyumbani, na sauti ibaki ya mazungumzo. Muziki wa spika huzimwa langoni. Mbegu, majani na manyoya yaliyoanguka yanaweza kuchorwa daftarini na kuachwa palepale; katika hifadhi za taifa kuchukua hata hayo ni kosa. Ada ya kiingilio ilipwe kwa njia rasmi na risiti ichukuliwe, na mtoto aelezwe fedha hizo ni za nini: mishahara ya askari, uzio, njia, na mahali pengine mgawo wa vijiji jirani. Akielewa hivyo atajua msitu una watu wanaouhangaikia.

Simu za watoto zikae begini. Picha moja ya pamoja inatosha.

Baada ya kurudi

Kabla ya kuoga, kagueni kupe nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti. Aliyenasa avutwe kwa kibano kilichoshika karibu kabisa na ngozi, moja kwa moja, bila mafuta ya taa wala moto. Mtoto akipata homa siku au wiki zinazofuata, daktari aelezwe mlikokuwa.

Halafu mpeni nafasi asimulie. Achore alichokiona, aandike tarehe, aulize asichokijua. Mzazi asiyejua jibu aseme hivyo, na watafute pamoja kwenye kitabu cha ndege, kwa mwalimu wa sayansi au kwa mzee wa mtaa. Daftari la mwaka mmoja litaonyesha mbuyu ulipochanua, kumbikumbi waliporuka, mnana waliporudi.

Mtoto aliyepata hamu asiachwe peke yake. Kenya ina Wildlife Clubs of Kenya, zilizoanza mwaka 1968 na kuenea mashuleni. Roots & Shoots, mpango wa vijana wa Jane Goodall, ulizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu, na leo uko katika nchi nyingi duniani. Shule isiyo na klabu inahitaji mwalimu mmoja aliye tayari na wazazi wawili watatu wa kuwasindikiza watoto siku za mapumziko.

Misitu hii inapungua. Pugu imepoteza miti mingi kwa mkaa na ujenzi, na Karura ilibaki kidogo igawanywe. Watakaoilinda miaka 30 ijayo ni hawa walio shule ya msingi sasa, na hawatapigania mahali ambapo hawajawahi kukanyaga. Basi mzazi, Jumamosi hii chagua mahali pa karibu, chemsha mihogo usiku, jaza chupa za maji, mtoe mtoto saa moja asubuhi, na akisimama njiani kutazama kitu, simama naye.